Meya Aliyemaliza Muhula Anavyoweza Kuongoza Shirika la Utetezi Uganda

Muhula wa baraza la jiji ni miaka 5, na makabidhiano ya ofisi hufanyika Mei. Siku hiyo joho na mkufu hubaki ofisini, gari hurudishwa, ila watu wa sokoni wataendelea kukuita Mheshimiwa. Usilitegemee sana jina hilo. Mtaji halisi wa meya wa zamani ni kujua karatasi gani hupita kwa nani, mwezi gani, na hukwama mezani kwa nani.

Kabla ya kuondoka, kabidhi kwa maandishi. Orodhesha mali, mikataba na kesi zinazoendelea, karani wa jiji atie saini, nawe ubaki na nakala ya orodha hiyo. Mafaili yenyewe usiyabebe. Ukiyanukuu baadaye, swali la kwanza litakuwa uliyapataje, na hoja yako itasahaulika. Maliza pia tamko lako la mali kwa IGG, mkaguzi mkuu wa serikali, na utunze uthibitisho wa kupokelewa, maana mpinzani wako wa kwanza atalitafuta hilo. Halafu jiandikie orodha ya maamuzi makubwa uliyoyasaini: kandarasi, ugawaji wa vibanda, ardhi. Katika mambo hayo shirika lisisemewe na wewe. Asimame mjumbe mwingine wa bodi.

Swali linalofuata ni kama uanzishe shirika jipya au ujiunge na lililopo. Wengi hukimbilia jipya kwa sababu ya jina tu. Marc Morial alikuwa meya wa New Orleans, Marekani, kwa mihula miwili, 1994 hadi 2002. Wapiga kura walikataa kumfungulia njia ya muhula wa tatu, naye mwaka 2003 akashika uongozi wa National Urban League, chombo cha kutetea haki za Wamarekani weusi kilichokuwepo tangu 1910. Ofisi, bodi na wanachama alivikuta. Uganda nako, kuingia katika shirika lenye kibali hai kunaokoa miezi ya kuzunguka na bahasha ya kaki mkononi.

Ukiamua kuanzisha, katiba iandikwe kwanza. Jina likihifadhiwa URSB, ofisi ya usajili wa kampuni, hukaa siku 30, na wengi humaliza siku hizo wakibishana juu ya nani awe mwenyekiti. Sajili kampuni yenye ukomo wa dhamana, isiyo na hisa, kisha chukua TIN, namba ya mlipakodi, kutoka mamlaka ya mapato, URA. Ndipo uombe usajili na kibali cha NGO. Tangu marekebisho ya sheria ya 2024, kazi hiyo iko ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Fomu au barua ya zamani iliyoelekezwa kwa Bureau, ofisi iliyosimamia NGO kabla ya hapo, haifai. Andaa cheti cha URSB, katiba, vitambulisho vya taifa vya waanzilishi, muhtasari wa kikao, mpango kazi na bajeti, pendekezo la kamati ya wilaya inayosimamia NGO, na la wizara inayohusika na kazi yako. Kwa kamati ya wilaya, anza na afisa maendeleo ya jamii. Afisa wa usalama wa ndani naye ni mjumbe, kwa hiyo mpango kazi uandikwe kwa lugha isiyoacha maswali. Kibali hakizidi miaka 5. Andika tarehe ya kukihuisha ukutani.

Hapa ndipo pagumu. Sheria ya NGO ya 2016 haikuruhusu kufanya kazi katika eneo bila idhini ya kamati na mkataba wa maelewano na serikali ya mtaa ya pale. Maana yake, unaomba karatasi katika ofisi uliyokuwa ukiiongoza, pengine kwa mtu aliyekushinda. Usiende mwenyewe. Mtume mwenyekiti wa bodi, apeleke barua kwa karani wa jiji. Mrithi wako akiona unaingia na wapambe, faili litalala.

Sheria hiyohiyo inakataza shirika kuchangisha au kufanya kampeni kwa ajili ya chama au mgombea, au dhidi yake. Kwa meya wa zamani, hili ndilo shimo kubwa. Timu ya kampeni ikigeuzwa wafanyakazi, sare zikawa nyekundu au njano, rangi za vyama, uso wako ukajaa kwenye mabango, hakuna atakayeamini kwamba hutafuti kura. Weka katika katiba kwamba mkurugenzi akichukua fomu za kugombea anajiuzulu siku hiyohiyo. Akaunti ya benki iwe na watia saini wawili, na michango isipite kwenye simu yako binafsi.

Halafu chagua dai moja, na ujue mlipaji wake. Maji ni ya NWSC, shirika la maji la taifa. Usambazaji wa umeme ni wa UEDCL, kampuni ya serikali, tangu Aprili 2025. Fedha nyingi za jiji hutoka serikali kuu zikiwa na masharti, na meya hasaini malipo. Jalala la taka za Kampala la Kiteezi lilipoporomoka Agosti 10, 2024 na kuua watu zaidi ya 30, waliofutwa kazi mwezi uliofuata walikuwa mkurugenzi mtendaji wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, na maafisa wenzake wakuu, si wanasiasa wa baraza. Wewe unalijua hilo. Wafundishe wanachama wako. “Jiji liboreshe usafi” si dai. “Makontena 6 ya soko letu yamwagwe mara 3 kwa wiki, fedha zitengwe katika idara ya afya” ni dai.

Lipeleke kwa wakati. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, mikutano ya bajeti ya wilaya na majiji huwa Oktoba na Novemba, na bajeti hupitishwa kabla ya Mei kuisha. Maandamano ya Juni hupendeza kwenye televisheni, lakini fedha zimeshagawanywa.

Ukitaka mkutano wa hadhara, mwandikie DPC, kamanda wa polisi wa wilaya, mapema. Sheria ya 2013 ilitaka taarifa kati ya siku 3 na 15 kabla. Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu dhidi ya sheria hiyo Machi 2020, lakini polisi bado huuliza barua iko wapi.

Nyaraka ziombwe kwa Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005. Taja hati yenyewe, mfano mkataba wa kuzoa taka pamoja na mwaka wake. Afisa ana siku 21. Akinyamaza huhesabiwa amekataa, nawe unapeleka malalamiko kwa hakimu mkuu. Nakala yako iwe na mhuri wa kupokelewa, tarehe na jina la aliyepokea. Bila mhuri, siku 21 hazina pa kuanzia kuhesabiwa.