Mtaro Huanzia Maji Yanakomwagikia, Si Yanakotuama

Kwamba maji yakituama shambani mizizi inakosa hewa na mazao yanageuka manjano, hilo mnalijua na silirudii. Leo naandika kwa sababu ya kosa moja ninalolikuta kila msimu, na kila msimu linakula mtaji wa mtu: mnachimba mtaro kuanzia kwenye dimbwi. Mnashika sururu pale pale maji yanapowakera, mnashuka nayo kwa kukisia macho, na nguvu zikiisha au mkifika mpakani mnaacha. Huo si mtaro. Ni bwawa jembamba.

Niliwahi kuitwa kwenye shamba lenye mtaro wa mita 180, umenyooka kama uzi, kingo zimepambwa kwa chepe. Mwenyewe alikuwa ameajiri vibarua wiki nzima. Ndani yake maji yalisimama mpaka vifundoni na viluwiluwi walikwisha kuota miguu. Nikadondosha jani kavu karibu na mwisho wa mtaro. Likatulia kidogo, kisha likaanza kurudi shambani polepole. Tulipopima, sakafu ya mtaro karibu na mdomo, pale unapomwaga maji nje, ilikuwa juu kwa sentimita 11 kuliko katikati. Mahindi yake yalikuwa na majani manne tu, na katika umri huo kitovu cha ukuaji bado kimo ardhini, kwa hiyo siku mbili hadi nne chini ya maji zinatosha kuyaua. Kwenye joto kali hata hizo hayafikishi.

Kwa hiyo anzeni mwishoni. Kabla ya kugusa jembe, nenda kwenye mtaro mkuu au kijito utakakomwagia, upime maji yake ya kawaida yako chini kiasi gani kutoka usawa wa shamba lako. Sakafu ya mtaro wako mdomoni ikae angalau sentimita 15 juu ya maji hayo. Sasa piga hesabu. Mteremko wa sentimita 20 kwa kila mita 100 ni wa kawaida kwa mtaro wa udongo, na kwa mita 180 unadai sentimita 36. Ukitaka kina cha sentimita 50 kule juu na ardhi yako ni tambarare, mdomoni utafika sentimita 86. Ongeza zile 15. Maji ya mtaro mkuu yasipokuwa chini kwa mita moja na kidogo, mpango wako umekufa kabla hujalipa kibarua. Afadhali ujue leo kwa futi ya kupimia kuliko ujue mvua zikiwa shambani.

Tazama pia alama za mafuriko yaliyopita: tope lililokauka kwenye mashina, nyasi zilizonasa matawini. Kama alama hizo ziko juu kuliko sehemu ya chini ya shamba lako, siku mto ukijaa mtaro wako utakuwa mlango wa kuingizia maji. Hapo unahitaji mlango wa kufunga mdomoni, na mtu wa kuukumbuka usiku.

Mdomo ndiko unakokutana na serikali. Sera za utoaji maji zinatofautiana, ila mgawanyo wa kazi hufanana mahali pengi: mto na mitaro mikuu ni ya mamlaka ya umma, mtaro wa ndani ya shamba ni wako, na ule wa kati unaopita mashamba ya watu kadhaa ni wa wote. Huo wa wote ndio unaoota magugu. Uholanzi, ambako takribani robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, wana bodi za maji tangu karne ya 13, na wenye ardhi wanazilipia ushuru mpaka leo. Uingereza, chini ya sheria yao ya utoaji maji mashambani ya 1991, huruhusiwi kuweka kalavati kwenye njia ya maji bila kibali, na ukiacha njia hiyo ikaziba unaweza kuamriwa kuizibua. Kwako uliza ofisi inayohusika na maji kabla ya kuchimba. Na usimmwagie jirani. Mvua ya milimita 50 juu ya hekta moja ni lita 500,000. Sidhani kuna jirani wa kupokea hizo kimyakimya.

Wapo wanaosema, tungoje msaada wa mafuriko. Mtu wa kukagua hasara niliyewahi kuongozana naye alianza na swali moja kila shamba: haya maji yametoka mtoni, au ni ya mvua yaliyokosa njia? Ukiwa na picha zenye tarehe, za mtaro uliozibuliwa kabla ya mvua na za maji yalivyoingia, una la kujibu. Wengi hawana hata moja.

Sasa kupima, na hapa sitaki ubishi. Macho hayaoni sentimita 4 kwa mita 20. Tafuta mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule mafundi wanaosawazishia msingi wa nyumba, wa mita 25. Ujaze maji taratibu hadi kusiwe na kiputo hata kimoja, maana kiputo kinaongopa. Piga kigingi cha kwanza mdomoni, uweke alama mita moja juu ya pale sakafu itakapokaa. Piga cha pili mita 20 kuelekea shambani, hamishia usawa ule kwa mpira, kwa kuwa maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja, kisha weka alama sentimita 4 juu ya usawa huo. Endelea hivyo hadi juu. Funga kamba kwenye alama, kata fimbo ya mita moja, na mchimbaji ashushe sakafu mpaka fimbo iguse chini na kichwa chake kiguse kamba. Pima kila baada ya hatua tano. Si mwisho wa siku! Mwisho wa siku vibarua wameshaondoka na pesa.

Kwa umbo, udongo wa mfinyanzi unavumilia kingo zinazolala mita moja kwa kila mita ya kina, na wa kichanga unataka mbili. Kingo za wima zinapendeza siku ya kwanza tu. Udongo uliotoka utupwe mita moja kutoka ukingoni, na uache mapengo kwenye tuta hilo ili maji ya juu ya ardhi yapate pa kuingilia. Nimeona tuta refu lisilo na pengo likizuia maji yale yale ambayo mtaro ulichimbwa kuyatoa.

Kwenye kivuko, pale njia inapopita juu ya mtaro, msibane bomba. Bomba lenye nusu ya kipenyo halipitishi nusu ya maji, linapitisha kama moja ya sita. Chini ya sentimita 45 sikushauri, kwa sababu bua moja la mahindi likikaa upande, takataka zote zinalifuata.

Kazi yote iishe mwezi mmoja kabla ya mvua, ukichimba kutoka mdomoni kwenda juu, ili hata mvua ya mapema ikikuwahi kipande kilichokwisha kiwe kinatoa maji. Fyeka magugu mara mbili, wiki mbili kabla ya mvua na tena katikati ya msimu. Mvua kubwa ya kwanza, vaa buti utembee mtaro mzima ikiwa bado inanyesha. Kesho yake hautakuonyesha kitu.

Shamba likikauka juu ndani ya saa 24 baada ya mvua kukatika, mmefanikiwa.

Na kama tayari mlishachimba kutoka juu, msifukie. Chukueni ule mpira, anzieni mdomoni, mtafute kile kigongo kilichobaki kwenye sakafu. Mara nyingi ni kipande cha mita kumi au ishirini tu, kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili.