Kufufua zoni ya afya kabla bunduki hazijanyamaza

Mfumo wa afya wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo umejengwa juu ya zoni 519. Kila zoni ina ofisi ya daktari mkuu wa zoni, hospitali kuu ya rufaa, na vituo vya afya chini ya wauguzi wakuu. Vita vikipita, wafadhili hukimbilia kupiga picha paa lililong'olewa. Paa linasubiri. Hesabu ya watu, posho na dawa ndivyo vinavyotangulia.

Anza kuhesabu. Takwimu za kabla ya mapigano hazina kazi tena: kijiji kimoja kimehama chote, kingine kimepokea wakimbizi mara mbili ya wenyeji. Watume reko, yaani wahudumu wa afya wa jamii, nyumba kwa nyumba, siyo kambini tu, maana wengi waliohama hulala kwa ndugu. Ukishapata idadi, chukua takriban asilimia 4 kuwa wajawazito kwa mwaka. Watu 12,000 ni wajawazito 480, yaani uzazi kama 40 kila mwezi. Glavu, oksitosini ya kuzuia kutokwa damu baada ya kujifungua, na vifaa vya kujifungulia viagizwe kwa 40, hata kama rejista ya zamani inasema 15.

Halafu pesa, na hapa ndipo miradi mingi hufia. Wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali. Wanaishi kwa ada za wagonjwa. Shirika likitangaza matibabu ya bure bila kufidia ada hizo, baada ya miezi michache malipo hurudi kwa mlango wa nyuma, na mgonjwa maskini ndiye wa kwanza kufukuzwa. Kabla ya siku ya kwanza andikeni: kiasi gani kinalipwa kwa kila mgonjwa, tarehe gani, na nini kitatokea mradi ukiisha. Kiwango cha posho kiwe kimoja kwa zoni nzima. Shirika linalolipa mara tatu ya jirani yake litaizoa hospitali ya rufaa wauguzi wake wote.

Dawa za mwanzo zinaweza kuja kama kiti kamili ya dharura (seti ya dawa na vifaa iliyofungashwa tayari) ya mashirika ya kimataifa, inayotosha watu 10,000 kwa miezi 3. Usiizoee. Ukiiagiza mara kwa mara utarundika usizotumia na kukosa unazohitaji. Kuanzia robo ya pili, agiza kwa matumizi halisi, na uangalie mtego huu: kituo kimetoa dozi 600 za dawa mseto ya malaria kwa siku 90, lakini siku 30 kabati lilikuwa tupu. Wastani wa mwezi si 200. Gawanya 600 kwa siku 60 ambazo dawa ilikuwapo, zidisha kwa 30, unapata 300. Ikiwa shehena huchukua miezi 2 kufika na unataka akiba ya miezi mingine 2, unahitaji 1,200. Toa zilizobaki, tuseme 150, agiza 1,050. Baada ya waasi wa M23 kuutwaa mji wa Goma, mashariki mwa nchi, Januari 2025 na uwanja wa ndege kufungwa, kuagiza kwa muda uliozoeleka wa usafiri kulikuwa kujidanganya. Lakini akiba yote isilale kituoni, inaita waporaji: mwezi mmoja kituoni, iliyobaki kwenye ghala la zoni.

Chanjo zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Chagua friji ya jua isiyo na betri, kwa kuwa betri hufa mapema na huibwa mapema zaidi. Watu huogopa joto, kumbe chanjo nyingi za pentavalenti (chanjo moja ya magonjwa matano) huharibiwa na barafu, na alama iliyo kwenye chupa hubadilika kwa joto tu, haitakuambia chochote kuhusu kuganda. Acha pakiti za barafu nje mpaka ukizitikisa usikie maji ndani, ndipo uziweke kwenye kasha la chanjo.

Klorini ya unga ya asilimia 70: gramu 7 kwa lita 1 ya maji hutoa asilimia 0.5 ya kusafishia sakafu na vifaa. Gramu 7 hizo hizo kwa lita 10 hutoa asilimia 0.05 ya mikono. Changanya kila asubuhi, funika, weka kivulini.

Silaha zibaki nje ya lango, hata za askari anayesema amekuja kukulinda. Rejista iandike jeraha, isiandike mgonjwa alipigana upande gani. Daftari hilo siku moja litasomwa na upande mwingine. Ripoti ya magonjwa iende kila wiki, na kama hakuna kipindupindu wala surua, andika sifuri. Kituo kilichonyamaza huenda kimezidiwa au kimeporwa, na ofisi ya zoni haiwezi kujua kipi.

Sasa jenga: choo na shimo la taka za sindano kwanza, tangi la maji la pili, mabati baadaye.