Oveni haiivishi? Pima sensa kwanza

Jamani wenye oveni za umeme hapa Malindi, kabla hujakubali kuuziwa bodi mpya (saketi inayoendesha oveni) pima sensa ya joto, ni kile kijiti chembamba cha chuma kimechomoza ndani ukutani kwa nyuma. Mimi mkate wa mayai ulikuwa unatoka mweupe, katikati ute, na nimeweka 180 kama siku zote.

Chomoa umeme kabisa, ukutani, si kuzima swichi tu! Oveni ipoe, fungua skrubu za sensa, ivute taratibu mpaka uione plagi yake, ichomoe, halafu weka mita ya umeme (multimeter) kwenye omu, kipimo cha ukinzani, uguse pini mbili za plagi ya sensa. Sensa nyingi ni aina ya PT1000, yaani omu 1,000 kwenye nyuzi sifuri na inapanda karibu omu 3.85 kila nyuzi, kwa hiyo kwa joto letu la nyuzi 29 utegemee kama 1,110. Mita isiposoma kitu, waya umekatika ndani, ikisoma sifuri imepiga shoti. (Ikiwa ni PT500 gawa nusu, na oveni za zamani zenye mrija wa shaba hazipimwi hivi.)

Yangu ilisoma 1,300, yaani oveni ilidhani kuna nyuzi karibu 50 za ziada ikawa inajizima mapema. Kumbe pini za plagi zimeota kutu ya kijani, hewa yetu ya chumvi hii, nikasugua kwa msasa laini ikarudi 1,112.