Ditekta moja kwa kazi zote: namna ya kuhama mashine ukiwa Mwanza na kandokando ya Ziwa

Usiuze ditekta (mashine ya kutafuta metali ardhini) ya zamani kabla hujaipitisha mpya kwenye ardhi unayoifanyia kazi. Tunaanza na hilo kwa sababu Kanda ya Ziwa haina udongo wa aina moja. Mchanga wa Igombe au Luchelele ni mpole, na luseni (udongo wa kichanga) ya mashambani nayo haisumbui sana. Ukivuka Kigongo kwenda Sengerema na Geita, unakutana na changarawe nyekundu na mawe yaliyojaa chuma, na katika eneo la Geita mawe ya namna hiyo ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya dhahabu. Mashine iliyotulia Luchelele inaweza kupiga kelele Nyarugusu, kule Geita, mpaka usijue kipi ni kitu na kipi ni udongo.

Swali la kujiuliza kabla ya kutoa hela ni hili: unahama kutoka mashine ipi?

Mashine za mapigo, kama Minelab GPX 5000 inayofahamika kwa wachimbaji wadogo wengi, hutuma umeme kwa mapigo mafupi, kisha husikiliza kinachorudi baada ya kila pigo. Udongo wenye chuma huzisumbua kidogo tu, na kipande kikubwa cha dhahabu hukisikia kwenye kina ambacho mashine za aina nyingine hazifiki. Gharama yake ni uzito (kilo 2.4 bila betri wala koili, yaani ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi), boksi lisiloruhusiwa kuingia majini, na udhaifu katika kutofautisha msumari na dhahabu. Ukiwa na mashine hiyo unachimba karibu kila sauti.

Upande wa pili kuna mashine za mawimbi yasiyokatika. Za zamani hutumia masafa (idadi ya mawimbi kwa sekunde) mamoja: Garrett AT Pro kilohezi 15, AT Gold kilohezi 18, Gold Monster 1000 kilohezi 45. Masafa ya juu husikia chenga ndogo za dhahabu. Ya chini husikia vizuri zaidi fedha na vitu vikubwa. Zile zinazoitwa mashine za kazi zote, mfano Minelab Equinox 800 na 900, Nokta Legend na XP Deus II, hutuma masafa kadhaa kwa wakati mmoja, zikalinganisha majibu na kuondoa sehemu kubwa ya sauti ya udongo.

Kwa hiyo, kama unatoka kwenye mashine ya masafa mamoja, hama. Utapata faida karibu kila mahali. Kama unatoka kwenye GPX na riziki yako ni dhahabu ya changarawe nyekundu, mashine ya kazi zote iwe nyongeza. Itakusaidia kwenye chenga za juujuu, ufukweni, kwenye mahame na mashamba, lakini kipande cha gramu 20 kilicholala nusu mita chini ya mawe ya chuma itakipita. Muuzaji anayekuambia vinginevyo hajasimama kwenye ardhi hiyo.

Ziwa si bahari

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa pwani ya bahari. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na ditekta huyasikia kama kitu cha metali. Kwa ajili hiyo mashine hizi zina modi (mipangilio ya tayari) za ufukweni. Kwenye Equinox, modi ya Beach 2 hupunguza hata nguvu inayotumwa ardhini ili chumvi inyamaze. Ziwa Victoria ni la maji yasiyo na chumvi ya kusumbua. Ukiiwasha Beach 2 pale Malaika au Kayenze unajipunguzia kina bure.

Tumia modi ya Park (viwanjani) au Field (mashambani), ukiwa mchangani na hata ukiwa ndani ya maji. Mahali pekee pa kuijaribu Beach 1 ni pale mawimbi yamekusanya mchanga mweusi mzito, kwa kuwa modi hiyo hutambua mchanga mweusi na kushusha nguvu yenyewe. Kuujua mchanga huo ni rahisi: funga sumaku ndani ya mfuko wa nailoni, ipitishe juu ya mchanga mkavu, uone kama inatoka na ndevu nyeusi. Zikiwa nene kama kidole, tegemea kelele na kina kidogo kwa mashine yoyote ya mawimbi.

Kukagua kabla ya kulipa

Bandia za mashine za dhahabu ni nyingi Afrika, hasa GPX 5000 na Gold Monster, na kwa macho tu huwezi kuzitambua kwa uhakika. Hakiki namba ya mashine kwa kampuni iliyoitengeneza au kwa wakala wake aliyeidhinishwa kabla hela haijatoka mfukoni. Vile "vipimaji" vyenye antena mbili vinavyodaiwa kuonyesha dhahabu kutoka mita mia, viache. Ni utapeli, na vimewamalizia watu mtaji wa mwaka mzima.

Kwa mashine iliyotumika, fanya yafuatayo mbele ya muuzaji. Tazama masikio ya koili, pale bolti ya plastiki inapopita: ufa mdogo hapo utakuwa mvunjiko ndani ya wiki chache. Kunja waya wa koili taratibu kuanzia kwenye plagi huku mashine imewashwa. Ikikoroma ukigusa sehemu moja, waya umekatika ndani. Pitisha sarafu ya shilingi 200 mbele ya koili, ukianza sentimita 30 na kusogea karibu. Kwenye Equinox, irudishe kwenye hali ya kiwandani: ikiwa imezimwa, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama saba mpaka herufi FP zitokee. Mipangilio ya mwenye nayo wa kwanza ndiyo chanzo cha "ubovu" mwingi ambao si ubovu.

Uliza pia koili. Ya sentimita 28 inayokuja na mashine nyingi inafaa mchangani na mashambani. Ya sentimita 15 ndiyo ya kwenye marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu), vifusi vya maduara (mashimo ya wachimbaji), kati ya mawe na kwenye mialo yenye takataka nyingi. Equinox 900 huja nazo zote mbili. Hesabu hiyo kabla ya kulinganisha bei.

Kuiwasha na kuiweka sawa

Utaratibu ni huu, na usiruke hatua. Zima simu au iweke mbali na koili, angalau mita moja na nusu. Washa, chagua modi, kisha inua koili, itulize, uiache mashine itafute chaneli isiyo na kelele. Mjini Mwanza, karibu na nyaya za TANESCO na minara ya simu, rudia hatua hiyo kila unapohama mtaa. Baada ya hapo isawazishe na udongo: tafuta sehemu isiyo na kitu chini, shikilia kitufe cha kusawazisha, kisha pandisha na kushusha koili kati ya sentimita 5 na 30 hivi juu ya ardhi mpaka sauti ife. Mwisho ndiyo usikivu. Pandisha mpaka mashine ianze kupiga kelele yenyewe, kisha rudisha hatua mbili.

Kwenye mchanga safi, Equinox 800 yenye ngazi 25 hutulia vizuri ikiwa 20 au zaidi. Kwenye changarawe nyekundu usishangae kushuka mpaka 14. Anayeng'ang'ania 23 kwa kuamini kwamba namba kubwa ni kina kikubwa, anapoteza kina hichohicho, kwa sababu sauti ya kitu cha chini inazama ndani ya kelele.

Kasi ya mkono nayo hubadilika. Aliyezoea GPX hutembea taratibu mno. Mashine ya masafa mengi inataka koili iende na kurudi ndani ya sekunde mbili au tatu, ikiwa karibu kugusa ardhi, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Usiinyanyue mwisho wa mkono kama anayefyeka majani. Sentimita 5 za hewa ni sentimita 5 za kina zilizopotea. Kasi ya mashine kutenganisha vitu, kwenye ile 800, iweke 5 au 6 penye misumari mingi, na 3 au 4 penye ardhi safi.

Fukia, kisha pima

Kabla ya kwenda popote, tengeneza kitalu cha majaribio nyuma ya nyumba. Hakikisha kwanza ni safi, kisha fukia vitu vitano, kila kimoja mita moja kutoka kwa kingine, kwenye kina cha sentimita 15: sarafu ya shilingi 200, ya shilingi 500, risasi ya wavu (kizito cha wavu wa kuvulia), karatasi ya sigara iliyokunjwa na msumari wa inchi tatu. Shindilia, mwagia maji, subiri udongo utulie. Andika namba inayotokea kwenye kioo kwa kila kimoja na sauti yake. Rudia kwa mashine ya zamani siku hiyohiyo.

Utaona mambo mawili. Kwanza, shilingi 500 inajichanganya na chuma. Sarafu hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ina chuma ndani, na sumaku huikamata. Sarafu zetu nyingine kadhaa ni hivyohivyo. Ukichuja chuma chote ufukweni, utaziacha hela halisi mchangani. Senti 10 za zamani zenye tundu za enzi ya Mwingereza na heller za Mjerumani nyingi ni za shaba nyeusi, nazo husikika wazi.

Pili, risasi ya wavu, karatasi ya sigara na pete ya dhahabu huangukia kwenye eneo moja la namba. Kwenye Equinox 800, ambayo huhesabu kutoka -9 hadi 40, pete nyingi za dhahabu hukaa kati ya 5 na 20 na kidogo, mahali palepale pa vishikio vya makopo. Hakuna mashine inayokwepa hili. Ufukweni chimba kila sauti safi inayojirudia pande zote mbili, hata kama ni risasi ya kumi mfululizo. Kwenye uchimbaji wa dhahabu ondoa uchujaji wote, kwani chenga ndogo ndani ya udongo mwekundu huweza kuonyesha namba ya chuma.

Mambo yanayoharibika

Mchanga mweusi huingia kati ya koili na kifuniko chake, kisha mashine inaanza kulia ukigusa majani tu. Fungua kifuniko, suuza, kausha, kila baada ya kazi. Mashine iliyopata moto juani ukiitumbukiza ghafla majini, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia mpira wa kuzibia. Iweke kivulini kwanza, ilowanishe polepole. Hedifoni zisizo na waya hazifanyi kazi koili na boksi vikiwa chini ya maji, kwa sababu mawimbi ya redio hayapiti humo. Hata Deus II, ambayo huruhusiwa kushuka mita 20, huhitaji waya wa antena kutoka kwenye koili mpaka kwenye rimoti ikiwa chini ya maji. Equinox 800 na Legend mwisho wake ni mita 3, ile 900 mita 5.

Umeme ukikatika, mashine nyingi za sasa huchajiwa kwa USB, hivyo pawa benki inatosha. Kausha vichwa vya kuchajia kabla ya kuunganisha.

Majini na kwenye sheria

Kichocho kipo ziwani, hasa kwenye maji tulivu ya kina kifupi yenye magugu, ambako konokono wake huishi. Minyoo yake hupenya kwenye ngozi kwa dakika chache. Vaa suruali ya mpira iliyounganishwa na buti, kaa mbali na matete, na ukishakuwa mtu wa majini kila wiki nenda kituo cha afya upimwe; dawa ipo. Kwenye matete hayohayo ndiko waliko mamba na viboko, kwa hiyo waulize wavuvi wa mwalo kabla hujaingia. Wingu la radi likisimama juu ya ziwa, toka ufukweni: hapo wazi wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

Kutafuta dhahabu bila leseni, au ndani ya leseni ya mtu bila makubaliano naye, ni kosa chini ya Sheria ya Madini ya 2010. Dhahabu yako iuzwe soko la madini. La Geita lipo tangu 2019. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, usiingie na ditekta. Vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863 vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ukiona kitu kinachofanana na bomu au risasi ya bunduki ya vita, usikiguse. Weka alama ukiwa mbali na upigie polisi.

Mashine ya zamani ibaki nyumbani mpaka mpya ipite masika na kiangazi. Udongo mkavu wa Agosti na uleule uliolowa Aprili hutoa namba tofauti, na kitalu chako ndicho kitakachoonyesha tofauti hiyo: kipime tena mvua zikianza, andika namba mpya pembeni ya zile za kwanza, ndipo uamue ipi iuzwe.