Wahesabu mmoja mmoja: namna ya kufanya utafiti wa kata kuhusu vijana wanaokwama kabla ya kufika chuo

Mwaka jana dada mmoja wa Mbagala, anayefundisha kwa kujitolea masomo ya jioni, aliniomba nimsaidie kuandika barua ya kwenda kwa diwani. Alitaka kata iwashike mkono vijana wanaomaliza kidato cha sita kisha wanabaki nyumbani. Nikamuuliza ni wangapi, akasema wengi. Wanakwamia wapi? Akasema hela. Barua za namna hiyo nimeshaziandika zaidi ya mara moja na najua zinakoishia: zinapokelewa, zinagongwa muhuri, zinaingia kwenye faili. Tukakubaliana tuanze kwa kuhesabu. Haya hapa chini ndiyo tuliyoyafanya, pamoja na jambo moja lililotumalizia wiki nzima.

Kazi hii ina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Tangu ada ya kidato cha tano na cha sita ifutwe katika shule za serikali mwaka wa fedha 2022/23, mtoto wa mama ntilie anaweza kufika kidato cha sita bila mzazi kuuza kitu. Kikwazo kimesogea mbele, kimehamia kwenye miezi michache kati ya matokeo na siku ya kuripoti chuoni.

Hatua ya 1: Barua ya utambulisho

Mwandikie Mkurugenzi wa halmashauri yako, nakala kwa Mtendaji wa Kata. Eleza unataka kujua nini, mitaa ipi, kwa muda gani. Usianze kuzunguka kabla hujajibiwa. Kama unafanya chini ya chuo au taasisi, watakueleza utaratibu wao wa vibali.

Hatua ya 2: Chora ngazi kabla ya kuandika swali lolote

Chukua karatasi uandike vituo vyote ambavyo kijana lazima avipite, kwa mpangilio. Amemaliza kidato cha sita. Ufaulu wake unamruhusu kuomba shahada, yaani kwa kozi nyingi angalau alama mbili za principal (ufaulu wa A hadi E kwenye somo kuu) zenye jumla ya pointi 4.0. Ameomba chuo. Amepata udahili. Amethibitisha udahili, kama amechaguliwa zaidi ya chuo kimoja. Ameanza kuomba mkopo. Fomu ya mkopo ameichapisha, imesainiwa serikali ya mtaa na kwa kamishna wa viapo, ameipakia tena kwenye mfumo. Amepangiwa mkopo. Ameripoti chuoni. Bado yupo chuoni baada ya mwezi mmoja.

Kila kijana utamweka kwenye kituo cha mwisho alichokifikia. Basi. Utafiti wote ni huo, mengine ni kuupamba. Ukiweza kusimama mbele ya kikao ukasema "kati ya vijana hawa, kundi kubwa limeishia kwenye kituo cha saba", umeshasema kitu ambacho mtu anaweza kukifanyia kazi.

Usiviunganishe "ameanza kuomba mkopo" na "amekamilisha kuomba mkopo". Ni vituo viwili tofauti kabisa, na katikati yake ndipo wengi wanapopotea.

Hatua ya 3: Pata orodha kwa nyumba, si kwa shule

Watu wengi hukimbilia sekondari ya kata. Huko hutawapata. Kijana wa Mbagala aliyefaulu kidato cha nne anaweza kuwa alipangiwa kidato cha tano Songea, Kigoma au Tabora, na shule aliyomalizia haijui kama leo anauza maji Rangi Tatu. Anayejua ni jirani. Pita kwa wajumbe, msikitini, kanisani, kwenye vikundi vya vikoba. Kina mama wa vikoba wanajua mtoto wa nani alitarajiwa kwenda chuo na hakwenda.

Orodha ya kwanza iandike kwenye kaunta buku, kwa kalamu. Simu au tableti ukiitoa mapema mno, watu wanadhani umekuja kugawa fedha za mradi, na orodha inavimba. Ukishafika hatua ya mahojiano ndipo uhamie KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu ya utafiti kwa simu, kwa sababu inakusanya bila intaneti na unatuma ukifika penye mtandao. Fomu za Google sizitumii kwa kazi ya mtaani. Bando likikata katikati ya mazungumzo umepoteza mtu.

Hatua ya 4: Namba ya mtihani ndiyo iwe jina lake

Hapa ndipo tulipoumia. Tulikuwa na orodha tatu: ya wajumbe, ya kikundi cha vijana, na ya yule dada kutoka darasani kwake. Tukazileta pamoja kwa majina. Mwanahamisi Juma, Mwana Hamisi Jumaa na Hamisa Juma wa mtaa uleule walikuwa binti mmoja, nasi tukamhesabu mara tatu. Upande wa pili, Ramadhani Saidi wawili, watoto wa nyumba mbili tofauti, tukawafanya mmoja. Tulikuwa tumeshaandika ukurasa wa matokeo ndipo mjumbe mmoja akaupitia kwa kidole na kusema, "Huyu na huyu ni mtu mmoja, na huyu hapa ni watu wawili." Tulirudia kila kitu kutoka mwanzo.

Suluhisho ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Chukua ya kidato cha nne, kwa sababu aliyepitia stashahada hana ya kidato cha sita, na pia ndiyo inayomtambulisha mwombaji kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Ila ina mitego yake, na yote tumeikanyaga.

Namba iandike nzima ndani ya kisanduku kimoja, kwa muundo wa S0000/0000/2020: kituo, mtahiniwa, mwaka. Sisi tulizigawa kwenye safu tatu tukidhani tunarahisisha, Excel ikafuta sifuri za mbele, 0046 ikawa 46. Kabla hujaandika chochote, chagua safu nzima uiweke kuwa maandishi. Ukiiweka baadaye haisaidii, sifuri zimeshakwenda.

Mwaka unaouandika ni ule aliofanya kidato cha nne. Ukimuuliza kijana "ulimaliza mwaka gani?" atakutajia wa kidato cha sita, maana ndio anaoufikiria. Uliza wazi.

Namba ya mtahiniwa wa kujitegemea inaanza na P. Tulikuwa na msaidizi mwenye bidii aliyedhani ni makosa ya uandishi, akazibadilisha zote kuwa S. Mweleze kila unayefanya naye kazi kabla hajagusa.

Aliyerudia mtihani ana namba mbili. Weka ile aliyoombea chuo au mkopo, na ya pili iandike kwenye safu ya pembeni, usiitupe. Asiyekumbuka namba yake asiikisie. Mwombe aangalie cheti au picha ya cheti kwenye simu. Ukiwa na mashaka, matokeo ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, yako wazi mtandaoni, unaweza kulinganisha jinsia na daraja bila kumrudia nyumbani.

La mwisho ndilo kubwa. Ongeza safu inayouliza: jina kwenye cheti cha kuzaliwa ni lilelile lililo kwenye cheti cha kidato cha nne? Mwanzoni tuliona tofauti za majina kama usumbufu wa orodha yetu. Kumbe ndiyo habari yenyewe. Mtoto aliandikishwa shule kwa jina la baba mlezi, cheti cha kuzaliwa kikatafutwa miaka mingi baadaye kwa jina la baba mzazi. Anapoomba mkopo anatakiwa awe na cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na majina yasipofanana anatafuta wakili, kiapo, wakati mwingine hati ya kubadili jina, huku dirisha likielekea kufungwa. Jambo lililotutesa sisi kwa wiki moja ndilo linalomfungia kijana mlango mwaka mzima.

Taarifa hizi ni za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 1, 2023, na inakugusa hata kama wewe ni mtu wa kujitolea. Omba ridhaa, majina na simu viweke kwenye faili lake peke yake, na faili la uchambuzi libaki na namba yako ya ndani tu. Usirushe orodha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

Hatua ya 5: Usiulize "kwa nini hukwenda chuo?"

Ukiuliza hivyo utajibiwa "hela" au "Mungu hakupanga", na majibu yote mawili ni ya kweli lakini hayakupeleki popote. Omba usimuliwe siku. Nakumbuka nyumba moja Kijichi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Mtu wako yumo ndani."

Kijana akatoka, akanipa mkono. "Kaka, ni hela tu. Hakuna kingine."

"Sawa mdogo wangu. Hebu nisimulie siku ya mwisho uliyoshughulika na ile fomu."

Akakaa. Alifika penye swali la wazazi, akajaza kwamba baba amefariki. Mfumo ukataka cheti cha kifo kilichohakikiwa. Baba alizikwa Kilwa. Walichokuwa nacho ni kibali cha mazishi. Akaenda stesheneri kuuliza afanyeje, akashauriwa ajaze kama baba yupo hai. Akakataa. "Siwezi kumfufua baba kwenye karatasi," aliniambia. Akafunga, akasema atarudi akipata cheti. Hakurudi. Tena barua pepe iliyotumika ilifunguliwa na kijana wa stesheneri, nywila hakupewa.

Katika simulizi hiyo hela ipo, nauli ya Kilwa ni hela. Lakini kuna mambo matatu mengine yenye mwenyewe na yenye ofisi: cheti cha kifo, ushauri wa stesheneri, na barua pepe isiyo yake. Yatima asiye na karatasi anahesabika kama mwenye baba. Hilo ni jambo la kupeleka kwenye kikao.

Muhoji mzazi peke yake na kijana peke yake. Kijana hatasema mbele ya mama yake kwamba fedha ya kuombea mkopo ilitumika nyumbani.

Hatua ya 6: Ukurasa mmoja, ombi lenye mwenyewe

Andika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Juu kabisa weka ngazi na idadi ya waliokwama kila kituo. Chini yake simulizi moja, bila jina. Kisha ombi.

Kila ombi lipime kwa swali moja: nani ana mamlaka nalo? Vigezo na viwango vya mkopo viko Bodi, sheria iko bungeni. Kata haiwezi kuvibadilisha, ingawa diwani anaweza kumfikishia mbunge. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa nne, nne na mbili. Usiiombee ada, utapoteza wasikilizaji dakika ya kwanza. Lakini mtaa unaweza kutangaza siku maalumu za kusaini fomu bila malipo. Kata inaweza kuandika wilayani iombe siku ya vyeti, vya kuzaliwa na vya kifo, mwanzoni mwa mwaka, miezi kabla ya matokeo. Inaweza kutoa chumba chenye kompyuta mbili na watu wawili waliokwisha kuomba mkopo wakae na vijana mpaka fomu ipakiwe.

Utashauriwa upendekeze semina. Mimi sipendekezi semina, na nina sababu. Marekani, Bettinger, Long, Oreopoulos na Sanbonmatsu walifanya jaribio kwenye ofisi za kujaza kodi za H&R Block, likachapishwa mwaka 2012. Familia za kipato cha chini ziligawanywa: kundi moja lilijaziwa fomu ya msaada wa masomo palepale, jingine lilipewa maelezo tu ya kiasi ambacho lingeweza kupata, na la tatu halikupata lolote kati ya hayo. Waliosaidiwa kujaza, watoto wao walikwenda chuo kwa wingi zaidi. Waliopewa maelezo peke yake hawakuonyesha tofauti na kundi la tatu. Nchi ni nyingine na fomu ni nyingine, ila kijana wa Kijichi naye alikuwa na maelezo yote.

Hatua ya 7: Kikao

Wahi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti za halmashauri hujadiliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Vyuo vinafunguliwa Oktoba au Novemba, kwa hiyo Novemba na Desemba ndiyo miezi ya kuhesabu. Ingia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ongea dakika kumi, mwache mjumbe mmoja mzee wa mtaa athibitishe orodha. Omba maamuzi yaandikwe kwenye muhtasari, pamoja na jina la atakayetekeleza.

Ukitoka kikaoni, fungua lile faili la majina na simu. Walioishia kituo cha sita na cha saba wanaweza kuomba tena dirisha lijalo. Wapigie Februari, uanze na wasio na vyeti vya kifo, kwa sababu wengine watalazimika kusafiri mpaka kijijini alikozikwa mzazi, na kila mmoja afungue barua pepe yake mwenyewe kwenye simu yake, nywila aiandike nyuma ya daftari.