Jinsi ya kuomba kibali cha kuchukua sampuli ya sponji mla nyama wa pangoni

Lycopodina hypogea, sponji (mnyama wa baharini) mla nyama wa mapango ya Mediterania, haokotwi kama kombe la ufukweni. Analindwa na Mkataba wa Bern (wa wanyamapori na mimea ya Ulaya) na ule wa Barcelona (wa bahari ya Mediterania), kwa hiyo bila kibali usiguse hata unyuzi mmoja.

Anza kwa kujua pango liko chini ya nani. Likiwa ndani ya hifadhi ya bahari unaweza kukuta hifadhi wana kibali chao na ofisi ya viumbe wanaolindwa nayo ina chake, sasa waandikie imeili wote kabla hujajaza kitu na majibu yao yatunze.

Kwenye jina, weka na lile la zamani, Asbestopluma hypogea. Ofisa akitafuta jipya kwenye orodha asilione, fomu inakaa.

Halafu maelezo ya mnyama, hapa ndo penye kazi. Fomu yangu ya kwanza ilirudishwa kwa sababu nilikopi maelezo ya sponji wa kawaida, eti anachuja maji kwa vitundu vya mwilini, kumbe huyu hana mifereji ya maji wala zile seli zenye mijeledi za kuyavuta. Ni kidude cheupe cha kama sentimita moja na nusu, kikonyo chembamba kimeshika mwamba, juu kuna mwili kama yai umetoa nyuzi ndefu, na nyuzi zote zimejaa spikula, yaani vijisindano vigumu vya silika, zenye umbo la ndoano. Kijidudu jamii ya uduvi akipita akagusa tu, miguu imenasa, anahangaika wee, huku seli za sponji zinamsogelea taratibu mpaka zimemfunika na baada ya siku kadhaa hayupo. Watafiti Vacelet na Boury-Esnault ndo waliliripoti hili mwaka 1995, wakimsoma sponji wa pango la 3PP karibu na La Ciotat, Ufaransa.

Kwenye makazi usiandike "pangoni" ukaishia hapo. Eleza kwamba 3PP linashuka kwenda ndani, maji ya majira ya baridi yakiingia yanatuama chini, basi mwaka mzima ni kama nyuzijoto 13 hadi 15 na giza, hali inayofanana na kilindini wanakoishi ndugu zake wengi. Ukishaeleza hivyo ofisa ataelewa kwa nini unaahidi wazamiaji wachache na muda mfupi, maana mapovu yanagonga dari na mapezi yanatimua tope.

Kiasi: ukiandika "kipande kidogo" umejimaliza, kwa mnyama wa saizi hii kipande ni kama mnyama mzima. Andika idadi, na useme kazi ipi itafanywa kwa picha tu. Mimi naombaga mmoja au wawili, sehemu inaenda kwenye ethanoli ya kupimia DNA, sehemu kwenye maji ya klorini yanayoyeyusha nyama yakaacha spikula chini ya kichupa. Taja na makumbusho itakayotunza sampuli, wengi wanasahau hili.

Ambatanisha barua ya taasisi, vyeti vya kuzamia mapangoni na ramani. Sampuli ikivuka mpaka, ulizia mapema masharti ya Itifaki ya Nagoya, ile ya kugawana faida za rasilimali za kijenetiki.

Kibali kikitoka soma tarehe kwanza kabla ya kushangilia, bahari ikichafuka wiki nzima na siku zikaisha, unaomba upya.