Wanga na saratani kwa wanawake: anzia kwenye unga na kikombe cha chai

Wengi wakisikia kwamba wanga huchangia saratani, hukimbilia kuacha ugali. Ugali wenyewe hausababishi saratani. Sukari na nafaka zilizokobolewa hunenepesha upesi, na mafuta yakizidi mwilini hupandisha insulini, homoni ya kudhibiti sukari, na, kwa mwanamke aliyekoma hedhi, hutengeneza estrojeni, homoni ya kike. Homoni hizo zikizidi huchochea seli kukua. Ndiyo maana unene huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba, ya utumbo mpana, na ya matiti baada ya kukoma hedhi.

Anza na sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri ikiwezekana isizidi gramu 25 kwa siku, yaani vijiko 6 vya chai. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vimeshavuka, na soda ya mililita 350 peke yake ina zaidi ya gramu 30. Punguza nusu kijiko kila wiki, ongeza iliki na tangawizi. Ukikata yote siku moja, wiki ya pili utairudia.

Kwenye unga ndiko penye kazi. Dona hubaki na pumba na kiini, kwa hiyo ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, na nyuzinyuzi hupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Lakini dona ya mahindi mabovu ni mbaya kuliko sembe, kwa kuwa sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, hukaa zaidi kwenye pumba na kiini. Sumu hiyo huleta saratani ya ini, na kupika hakuiondoi. Basi usinunue dona usiyojua mahindi yake. Nunua mahindi makavu, yamwage kwenye ungo, toa kila punje iliyovunjika, iliyosinyaa, iliyotobolewa na wadudu au yenye ukungu, ndipo upeleke mashine. Saga kilo 3 hadi 5 tu: kiini kina mafuta, na kwa joto la Dar unga huwa mchungu upesi. Dona hunywa maji mengi, hivyo acha uji uchemke vizuri kabla ya kusonga. Kama nyumbani wanaikataa, changanya nusu kwa nusu na sembe.

Kwenye sahani, ugali au wali uwe robo, maharage, choroko au dagaa robo, nusu iliyobaki mchicha au matembele. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yake, na uongeze kiasi cha maharage unachokula kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu, la sivyo tumbo litajaa gesi na utayachukia bure.

Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake Tanzania, husababishwa na virusi vya HPV. Hiyo haizuiliwi na dona. Inataka chanjo kwa mabinti na uchunguzi kwa watu wazima. Na ukitokwa damu ukeni baada ya kukoma hedhi, au ukigusa uvimbe kwenye titi, nenda hospitali wiki hiyo hiyo.